Kambi ya mchana ya likizo Kigoma: namna ya kuiandaa kando ya ziwa, hatua kwa hatua

Nenda Kibirizi asubuhi yoyote ya Juni, shule zikiwa zimefungwa. Utakuta watoto wamejaa majini, wengine wamesimama maji yakiwafika kifuani, wengine wamening'inia kwenye kingo za mitumbwi. Waulize nani anajua kuogelea. Mikono yote itanyooka. Sasa waambie waelee chali, wametulia, mpaka uhesabu thelathini. Hapo ndipo utakapojua nani anajua kweli. Mimi nimelifanya jambo hilo likizo baada ya likizo, na wanaofika thelathini huwa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Ndiyo maana mwongozo huu unahusu kambi ya aina moja tu: kambi ya mchana, ya wiki mbili, ya watoto na vijana wa miaka 9 hadi 16, yenye somo moja ambalo ni ziwa. Mtoto anafika asubuhi, anarudi mchana, analala kwao.

Neno kambi lenyewe linahitaji kusafishwa kwanza. Hapa kwetu mzazi akisikia kambi wakati wa likizo anafikiria Darasa la Saba au Kidato cha Nne waliobeba magodoro kwenda kulala shuleni na kupigwa maswali ya mitihani usiku na mchana. Ninayoizungumzia haina ubao wa hesabu wala haina bweni. Marekani desturi ya kambi za likizo ni ya zamani. Mwaka 1861 mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut aliwatoa wanafunzi wake shuleni akaenda kupiga nao kambi, na wengi huhesabu hapo kuwa mwanzo. Siku hizi huko kuna kambi za mchana za kila fani: muziki, michezo, kompyuta, bustani, bahari. La kuchukua kwao ni hilo la fani moja. Kambi inayoahidi Kiingereza, kompyuta, mpira, uchoraji na dini ndani ya siku kumi humrudisha mtoto nyumbani na vipande vya kila kitu. Ikishika jambo moja, mtoto anarudi na ujuzi anaoweza kuuonyesha kwa mwili wake mbele ya baba yake.

Na kwa Kigoma fani ipo mlangoni. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi pale linapozama zaidi, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, na urefu wake unazidi kilomita 600. Linatulisha dagaa na migebuka. Linatuletea wageni kutoka Kongo, Burundi na Zambia. Na linatuzikia watoto. Hilo la mwisho tunalisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ni kudra tu, wakati Shirika la Afya Duniani limeweka ufundishaji wa kuogelea na usalama wa majini kwa watoto wa umri wa shule miongoni mwa njia linazozipendekeza za kuzuia vifo hivyo.

Hatua ya kwanza: ruhusa na watu, miezi mitatu kabla

Likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni na kuingia mwanzoni mwa Julai. Kwa hiyo Machi uwe umeshaanza kutembea.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa ambao ufukwe wake utautumia, kisha mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata. Nenda na karatasi moja tu inayosema kambi ni ya nini, tarehe, idadi ya watoto, majina ya watu wazima wote watakaohusika na namba zao. Baada ya hapo fika manispaa kwa afisa ustawi wa jamii. Usiiruke ofisi hiyo kwa kuona watoto wanalala kwao. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na muda wote anaokuwa kwako dhamana ni yako. Kata ikikufahamu, siku ya tatizo hutaanza kujieleza wewe ni nani.

Watu sasa. Kwa watoto 24 mimi nataka watu wazima wanane: mkuu wa kambi, walimu sita wa maji (wanawake watatu, wanaume watatu), na mpishi. Mmoja kati ya hao wanane awe amefunzwa huduma ya kwanza kikamilifu na wengine wote waijue misingi yake. Waombe Msalaba Mwekundu au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wawafundishe kabla ya kambi. Hilo ni jambo la kulifuatilia kwa mguu wako mwenyewe, barua peke yake hukaa mezani. Ongeza vijana wawili wa miaka 17 au 18 waliopita kambi ya nyuma, wawe wasaidizi. Watoto wa miaka kumi husikiliza zaidi kaka na dada wa mtaa mmoja nao kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Mwalimu wa maji si lazima awe na cheti cha ng'ambo. Wavuvi wetu wapo. Lakini kuogelea ni kitu kimoja na kumfundisha mtoto mwenye hofu ni kingine. Nimewahi kumkatalia mvuvi hodari, mtu wa kuvuka ghuba bila kupumzika, kwa sababu alitaka kuwafundisha watoto kama alivyofundishwa yeye, yaani kurushwa majini. Mpime kila mwalimu mambo matatu: aelee dakika tano, amvute mtu mzima mwenzake mita 25, na akae na mtoto anayelia bila kumkaripia. Asiyeweza la tatu apewe kazi ya nchi kavu.

Kuna sheria za ulinzi ambazo kila mtu mzima anazitia saini. Hakuna mtu mzima kubaki na mtoto mmoja mahali wasipoonekana. Kubadilisha nguo ni wasichana na wanawake upande wao, wavulana na wanaume upande wao. Hakuna kuchapa. Hakuna kumpiga mtoto picha akiwa na nguo za maji. Picha nyingine yoyote iwe kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, maana tangu 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi. Namba 116, simu ya bure ya mtoto, iandikwe kwa maandishi makubwa mahali watoto wote wanapoiona, na uwaeleze wazi kwamba wanaweza kuipiga hata wakitaka kukushtaki wewe mkuu wa kambi.

Hatua ya pili: kuchagua ufukwe

Hapa usione haya kuchukua wiki nzima. Tembea na mzee mmoja wa ufukweni na mvuvi mmoja wa sasa, kwa sababu mmoja anajua yaliyokuwepo na mwingine anajua yaliyopo. Unatafuta mchanga unaoshuka polepole, mahali ambapo mtoto wa miaka tisa anaweza kutembea hatua ishirini na maji yakamfika kifuani tu. Sehemu nyingi za ziwa letu hazina hiyo. Ardhi hukatika ghafla, hatua moja uko kiunoni, ya pili hukuti chini. Ingia wewe mwenyewe na mti wenye alama za mita, upime kila hatua, chora ramani kwenye daftari.

Epuka midomo ya mito, upande wa Luiche kwa mfano, na epuka penye matete. Huko maji hutulia, mamba hupata maficho, na konokono wa kichocho hupata makazi. Epuka pia penye njia ya boti na pale zinapooshewa injini. Uliza kuhusu nyoka wa maji. Ziwa letu lina swila wake wa majini, mpole kwa tabia na mwenye sumu kali, anayependa mawe. Watoto wafundishwe kumpisha.

Kichocho kinahitaji maneno yake. Vimelea hutoka kwa konokono, huogelea, na hupenya ngozi. Vile vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi jua linapopanda kuelekea saa sita. Kwa sababu hiyo vipindi vya maji viwe asubuhi mapema, kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi na usio na majani, na mtoto akitoka majini ajifute kwa taulo papo hapo badala ya kukauka kwa jua. Hayo hupunguza hatari, hayaimalizi. Zungumza na kituo cha afya cha karibu kuhusu kupima watoto na kuwapa dawa baada ya kambi, na uwaambie wazazi ukweli huo tangu siku ya kuandikisha.

Ukishapata mahali, uzio wa maji ni wa lazima. Kamba nene ya katani au nailoni, madumu matupu ya lita tano yaliyofungwa vizuri kila baada ya mita mbili, na mifuko ya mchanga ya kushikilia pembe. Ndani ya kamba maji yasizidi kifua cha mtoto mfupi kuliko wote. Kipindi kikiisha kamba inatolewa, la sivyo usiku itakwamisha mtumbwi wa mtu na ugomvi utakuwa halali.

Hatua ya tatu: kuandikisha, na habari ya ada

Fomu iwe ya Kiswahili na iwe ukurasa mmoja. Mbali na majina na simu mbili za wazazi, uliza mambo manne ya afya kwa majina yake: kifafa, pumu, sikoseli, na matatizo ya masikio. Mzazi ukimuuliza "Mtoto ana ugonjwa wowote?" atajibu hana. Ukimtajia kifafa, atanyamaza kidogo kisha atakueleza. Mtoto wa kifafa si wa kukataliwa, ila majini awe na mwalimu wake peke yake, na daktari wake awe ameafiki. Mwenye sikoseli baridi inaweza kumwamshia maumivu, basi aingie kwa muda mfupi, afutwe haraka, avishwe nguo kavu, anywe maji mengi.

Fomu isomeni pamoja, wewe na mzazi, kwa sauti. "Shikamoo mama, naomba tuipitie pamoja" hufungua mengi kuliko kumkabidhi karatasi aende nayo. Utagundua pia nani hasomi bila kumwaibisha.

Ada ni jambo gumu zaidi mwaka ambao ziwa limefungwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka ziwa, ili samaki wazaliane. Nia ni njema, lakini kipindi hicho kinaifunika likizo yote ya Juni, na familia ambazo watoto wao ndio hasa wanaohitaji kambi hii huwa hazina hata mia. Ninachofanya: nafasi nane kati ya 24 ni za bure na zinajazwa kwanza, kabla ya wenye pesa kusikia tangazo, kwa kupitia wenyeviti wa mitaa ya ufukweni. Zilizobaki zinalipiwa, na mzazi anaweza kulipa kwa awamu, au kwa maharage, unga, mkaa, au siku mbili za kusaidia jikoni. Asijue mtoto yeyote nani kalipa nini. Sare za kambi hazina haja, zinazidisha gharama na kuwatangaza waliokosa.

Hatua ya nne: wasichana

Naitenga hatua hii kwa sababu kambi yangu ya kwanza ilishindwa hapa. Niliandikisha wasichana kumi na mmoja, nikawaona wanne siku ya pili, na siku ya tano alibaki mmoja. Nilidhani wazazi hawataki. Mama mmoja wa Katonga akanikalisha chini akanieleza kwa upole: "Mwanangu, binti zetu utawavulisha wapi, na nani atawatazama wakitoka majini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandaa kambi ya wavulana na kuwakaribisha wasichana ndani yake.

Tangu hapo wasichana wana kipindi chao. Walimu wote majini ni wanawake, mlinzi wa ufukweni ni mwanamke, na wanaume wa kambi pamoja na wavulana wote wako upande mwingine na kazi zao. Pazia la turubai kwa miti minne linatosha kuwa chumba cha kubadilishia. Mavazi ni suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu isiyopwaya. Khanga, dera na baibui pana haviingii majini kwa sababu hunywa maji na kumfunga mtoto miguu. Hijabu ya kubana ya michezo haina tatizo. Mabinti waliokwisha kuvunja ungo wapewe mwalimu wa kike wa kuzungumza naye faragha kuhusu siku zao, na siku hizo kuwe na kazi ya nchi kavu yenye maana, si kukaa kivulini wakitazamwa.

Jambo la pili ni ratiba ya madrasa. Ujiji na Kigoma mjini watoto wengi huenda madrasa mchana. Kambi ikigongana na madrasa, kambi itapoteza, na ipoteze. Zungumza na maustadhi mapema. Kambi yangu inafunga saa 8:00 mchana, na Ijumaa inafunga saa 5:30 watu wawahi sala.

Hatua ya tano: siku inavyokwenda

Saa 1:30 asubuhi watoto wanafika, wanahesabiwa, wanakunywa uji. Saa 2:15 wasichana wanaingia majini kwa dakika 45 na wavulana wanaanza kazi za sayansi ya ziwa. Saa 3:15 wanabadilishana, na wiki ya pili wavulana ndio wanaotangulia. Saa 4:15 wote wako nchi kavu na hakuna kuingia majini tena siku hiyo, kwa sababu ya kichocho niliyoieleza na kwa sababu walimu wamechoka. Kisha matunda, kazi za mikono au hadithi ya mgeni, chakula saa 6:30, mapumziko, kuandika daftari, kuhesabiwa, nyumbani.

Majini: walimu watatu kwa watoto kumi na wawili, kila mwalimu na wanne wake, wale wale kila siku. Wanne hao wamegawanyika wawili wawili, na kila mtoto anajua pacha wake wa maji. Filimbi ikilia kila baada ya dakika kumi, pacha anamshika pacha mkono na kuuinua, na mlinzi wa ufukweni anahesabu jozi sita. Mlinzi huyo haruhusiwi kushika simu, kuongea na mgeni wala kugawa taulo. Kazi yake ni macho. Mwekee karibu kamba ya mita 15 iliyofungwa dumu tupu na fito moja ndefu. Na kukiwa na mawimbi yenye vichwa vyeupe, au radi hata ya mbali, siku hiyo maji yamefungwa, hata kama watoto watalia.

Mpangilio wa mafunzo hauruki ngazi. Siku ya kwanza hawaingii majini kabisa. Wanajifunza filimbi, mapacha, na kupuliza mapovu kwenye beseni, kwa sababu asiyeweza kutoa pumzi uso ukiwa majini hataweza chochote. Siku ya pili wanakaa kwenye maji ya magoti na kupuliza mapovu humo. Siku ya tatu na ya nne ni kuelea chali, mkono wa mwalimu ukiwa chini ya mgongo, kisha vidole viwili tu, kisha hakuna. Masikio lazima yazame. Watoto wengi hushindwa kwa sababu wanainua kichwa ili wasikie, na kichwa kikipanda nyonga zinashuka. Siku ya tano ni kuteleza juu ya maji, mikono mbele, mwili mwembamba kama dagaa. Wiki ya pili wanaongeza miguu, mikono, kugeuka kutoka kifudifudi kwenda chali wakichoka, na siku moja ya kuelea wakiwa na nguo za kawaida, kwa kuwa mtoto anayetumbukia kutoka kwenye boti hajavaa nguo za kuogelea.

Kipimo cha mwisho nimekiazima Bangladesh, ambako programu ya SwimSafe imefundisha watoto wengi wa vijijini kwenye mabwawa ya kawaida: mita 25 kwa mtindo wowote na kuelea sekunde 30. Mita hizo 25 hatuzipimi kwenda kilindini. Zinapimwa sambamba na ufukwe, ndani ya kamba. Atakayefikia kuelea tu bila mita 25 amefanikiwa, na aambiwe hivyo mbele ya wenzake.

Kuokoa nako kuna somo lake, tena kwa vijana wakubwa ndilo muhimu kuliko yote. Wafundishe kwamba anayezama hapigi kelele. Kichwa kinalala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inasukuma maji kuelekea chini, na ndani ya muda mfupi hayupo. Wafundishe wasimfuate majini. Ita mtu mzima, nyoosha fito, rusha dumu lenye kamba, vuta. Mtoto anayemrukia mwenzake ili kumwokoa mara nyingi huishia kuzama naye. Na watu wazima wa kambi waiache ile desturi ya kumning'iniza aliyezama kichwa chini au kumkanda tumbo ili maji yatoke. Asiyepumua apewe pumzi tano za mwanzo mdomo kwa mdomo, kisha mkandamizo wa kifua 30 kwa pumzi 2, mfululizo, huku mwingine akipiga simu 114 ya Zimamoto na gari likitafutwa. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Sayansi ya ziwa, kwa vitu vya dukani

Sehemu hii ndiyo watoto huisimulia nyumbani. Chukua mfuniko mweupe wa ndoo, ufunge jiwe chini yake na kamba yenye fundo kila nusu mita. Ukiwa kwenye gati au kwenye mtumbwi uliotulia, mtu mzima mmoja na watoto wawili wenye jaketi okozi wanaushusha mpaka usionekane, wanahesabu mafundo. Maji ya Tanganyika mbali kidogo na ufukwe ni maangavu ajabu, mfuniko unaweza kuonekana zaidi ya mita kumi chini. Rudieni karibu na mfereji unaoleta maji ya mji. Tofauti ya namba mbili hizo inafundisha habari ya udongo na taka kuliko bango lolote.

Pimeni joto la maji kila asubuhi, saa ile ile, mahali pale pale. Chora upepo unakotoka. Kusanyeni makombe ya konokono matupu, na hapo waeleze kwamba kuna samaki wadogo wa ziwa hili wanaoishi na kuzaa ndani ya makombe kama hayo, na wengine wanaolea watoto mdomoni. Yupo pia samaki anayekula magamba ya wenzake, na mdomo wake umepinda: wengine kushoto, wengine kulia, kila mmoja akivizia upande wake. Samaki hao wote ni wa jamii moja, sikilidi. Ziwa lina aina zaidi ya mia mbili za jamii hiyo, na nyingi hazipo mahali pengine popote duniani. Mtoto wa Kibirizi akisikia kwamba watu hununua samaki hawa wenye rangi kwa ajili ya matangi ya vioo Ulaya, anatazama mawe ya nyumbani kwao kwa jicho jingine.

Waeleze pia habari ya chini. Kuanzia mita mia moja hadi mia mbili kwenda chini, maji hayana oksijeni. Samaki wote tunaokula wanaishi kwenye tabaka la juu tu, jembamba likilinganishwa na kina chote. Hapo kusitishwa kwa uvuvi kunaanza kueleweka, na mtoto anaweza kumweleza baba yake bila kubishana naye.

Onyo moja: usitumie chandarua kukamatia samaki wa kuonyesha. Ni kuwafundisha kosa ambalo ziwa linalilipia. Chujio la jikoni na beseni jeupe vinatosha, na kila kilichoshikwa kinarudi majini kabla ya saa nne.

Wageni na safari

Alika mvuvi wa dagaa aje na taa zake aeleze kwa nini mbalamwezi ikiwa kamili anabaki nyumbani. Alika mama anayekausha dagaa. Alika mtu wa melini aeleze habari ya Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini hapa Kigoma 1915, ikazamishwa kwa makusudi na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Hakuna mtoto asiyesisimka akijua meli iliwahi kulala chini ya maji miaka minane.

Safari iwe moja, wiki ya pili. Ujiji ndiko rahisi: pale ambapo Stanley alimkuta Livingstone Novemba 1871 kuna makumbusho, na ukiwa hapo usiishie kwa wazungu wawili. Waeleze watoto habari ya misafara iliyoondoka Ujiji kwenda Bagamoyo, watu wamefungwa, miezi kwa miezi njiani. Vijana wa miaka 14 na kuendelea wanaweza kuyabeba maongezi hayo. Kwa wadogo ongea kwa kipimo. Gombe, hifadhi ya sokwe, ni ndoto ya kila mtoto, nayo ina hadithi nzuri ya Jane Goodall aliyefika Julai 1960 kuwachunguza sokwe hao, lakini ni safari ya boti kwa watoto wengi, yenye gharama na masharti ya hifadhi kuhusu umri. Mimi siipangi kwa mwaka wa kwanza. Ukiipanga, kila mtoto awe na jaketi okozi linalomtosha na lililofungwa kabla boti haijang'oa nanga.

Jikoni

Kwa vinywa 34, uji unakula kilo 1.7 za unga kwa siku, kilo 17 kwa siku kumi. Chakula cha mchana ni siku nane, kwa kuwa Ijumaa wanaondoka mapema: ugali kilo 6 na kidogo kwa siku, yaani gunia la kilo 50 linatosha kwa kambi nzima, maharage kilo 22, mawese lita nne. Ziwa likiwa limefungwa dagaa hupanda bei, basi maharage ya Kasulu kwa mawese ndiyo yatakayobeba siku nyingi. Weka siku mbili za dagaa au migebuka ukipata. Maji ya kunywa andaa lita 50 kwa siku, yaliyochemshwa au kutibiwa kwa vidonge, kwenye ndoo zenye bomba. Kipindupindu kimetupiga mara nyingi pwani hii, kwa hiyo ndoo ya kunawia na sabuni iwe mlangoni pa choo na nyingine mlangoni pa jiko. Pasipo na choo, hapana kambi.

Siku ya kumi

Usiandae sherehe yenye meza kuu na hotuba. Waite wazazi saa 2:00 asubuhi, siku ya Ijumaa, akina mama upande wa mabinti na akina baba upande wa wavulana. Kila mtoto anaelea chali huku mzazi wake akihesabu kwa sauti mpaka thelathini. Nimewaona wanaume wa ziwa, watu wa miaka ishirini kwenye maji, sauti zikiwakatika kwenye ishirini na tano.

Baada ya hapo mtoto anampa mzazi wake somo: wanarusha dumu lenye kamba pamoja, mara tatu, mpaka mzazi alirushe sawasawa. Dumu hilo na kamba yake wanaondoka navyo.

Mchana watu wazima wabaki. Madaftari ya joto na mafundo yaandikwe upya kwenye daftari moja kubwa, kwa tarehe, ili kambi ya mwaka ujao ilinganishe. Fomu za watoto zifungiwe. Kila ajali ndogo iandikwe: nani alikunywa maji, nani alikanyaga kioo, mlinzi gani alisinzia. Orodha ya watoto wa kupelekwa kupima kichocho ikabidhiwe kituo cha afya. Kamba ya uzio ioshwe kwa maji safi, ianikwe kivulini siku mbili, kisha ihesabiwe madumu yake kabla ya kuwekwa stoo.